Muulize Nesi Mstaafu: Mashine ya Baba Watoto Inanguruma Kama ya Kusaga Posho

Mwezi huu barua tatu zimefika zikilalamikia kitu kimoja, mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa puani usiku kupitia maski ili koo lisijifunge na pumzi zisikatike usingizini. Zote zimetoka huku kwetu magharibi na Bonde la Ufa. Moja imenikosesha usingizi hata mimi niliyezoea, kwa hiyo ndiyo nitakayoikalia zaidi. Hizo nyingine mbili wataniwia radhi wenyewe.

SWALI

Shikamoo Mama Nesi. Mimi ni mama wa mapacha, naishi Free Area, Nakuru. Mume wangu ni dereva wa trela, Mombasa hadi Malaba. Mwaka jana alisinzia kwenye usukani karibu na Salgaa, taniboi wake akapiga nduru ndipo akashtuka. Alipopimwa usingizi, daktari alisema pumzi zinamkatika mara 38 kila saa. Shemeji yangu aliye Marekani akatutumia mashine ya CPAP iliyokuwa imetumika. Miezi miwili ya kwanza alilala nayo kwa kaka yake Kisumu na kule walisema haisikiki. Tulipoileta nyumbani ikaanza kunguruma kama mashine ya posho. Kwenye maski nako kuna upepo unafanya "ssss" na unanipiga usoni, halafu ikifika saa tisa usiku inaongeza mluzi. Nyumba yetu ni vyumba viwili vya mabati na watoto wana miezi 7. Juzi baba watoto aliona vitundu kwenye maski, akaviziba kwa plasta. Ile "ssss" imekwisha, nikashukuru Mungu. Ila sasa anaamka kichwa kinamgonga na anasinzia kwenye kiti kabla chai haijapoa. Mashine tunaiweka juu ya sanduku la bati kando ya kitanda. Je, tuiuze tutafute nyingine?

Mama Mapacha, Nakuru

JIBU

Marahaba, mwanangu. Usiendelee kusoma kabla hujaibandua hiyo plasta. Nenda sasa hivi, nitakungoja.

Umerudi? Haya. Vile vitundu si kasoro, na fundi hakuvisahau. Ni mlango wa kutokea. Angalia ile paipu: ni moja tu, inaleta hewa kutoka kwenye mashine hadi puani, na hakuna ya pili ya kuirudisha. Sasa hewa chafu anayoitoa baba watoto ipitie wapi? Inapitia kwenye vitundu hivyo. Mashine inasukuma hewa mfululizo, na mkandamizo, yaani nguvu ya kusukuma hiyo hewa, ukiwa kama 10 hivi kwa kipimo cha mashine, vitundu vinatoa karibu lita 30 za hewa kila dakika. Upepo huo ndio unaofagia pumzi aliyokwisha kuitumia, ile yenye kaboni dayoksaidi. Ukivifunga, pumzi hiyo inarudi kwenye paipu, na pumzi inayofuata anaivuta ileile. Asubuhi kichwa kinagonga, macho mazito, mtu anasinzia mbele ya chai. Umeniandikia dalili zote bila kujua kuwa umeziandika.

Sitasema ni plasta pekee. Kichwa cha asubuhi huja pia pale mashine isipofanya kazi sawasawa na pumzi zikawa bado zinakatika. Presha nayo ikipanda huweza kuleta hivyo, na watu wenye shida hii ya usingizi wengi wana presha bila kujijua. Akapimwe, ni dakika mbili tu katika zahanati yoyote. Na mpaka usingizi wa mchana utakapokwisha kabisa, tafadhali asiishike trela. Najua maneno haya yana gharama, karo na unga vinatoka kwenye usukani huo. Lakini yule taniboi hatakuwa macho kila siku, na mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa tumeuzikia watu wengi mno.

Tukishaelewana hapo, sasa tuongee kelele.

Mimi mwenyewe nalala na mashine hii mwaka wa nane sasa. Usiku wa kwanza mzee wangu alibeba mto akaenda kulala kwenye kochi. Asubuhi akaniambia ameota yuko uwanja wa ndege pale Kogony na ndege imekataa kuruka. Siku hizi stima ikipotea usiku, yeye ndiye anayeamka kwanza, kwa sababu kimya kimemgutusha. Nakwambia haya usifikiri nazungumza na wewe kutoka kwenye kitabu.

Nilichojifunza ni kwamba mtu akisema "mashine ina kelele" hajasema kitu bado. Ni kama mtoto anayelia: njaa ni kilio kimoja, tumbo ni kilio kingine, na mama anavijua. Wewe katika barua yako umetaja sauti tatu, na zinatoka sehemu tatu. Mngurumo uko chini ya mashine. "Ssss" iko kwenye vitundu. Mluzi wa saa tisa uko pembeni mwa maski. Ukinunua mashine mpya kesho, uiweke palepale na umvalishe maski ileile vilevile, mbili kati ya hizo zitakurudia, pengine tatu zote.

Mashine nzima ya kisasa, ikiwa salama, hutoa sauti ya kama desibeli 25 hadi 30, sawa na mtu anayenong'ona mbali kidogo. Mtu anayekoroma kwa nguvu hupita 60. Kwa hiyo kama inanguruma, kuna kitu kinaisaidia kunguruma, na wewe umekwisha kunitajia jina lake: sanduku la bati. Mwanangu, hilo sanduku ni ngoma! Ndani lina uwazi, juu lina bati jembamba, halafu mmeliwekea mota inayotetema usiku kucha. Kule Kisumu nadhani shemeji alikuwa ameiweka kwenye meza nzito au sakafuni.

Jaribu hivi usiku wa leo. Washa mashine, iache ingurume, kisha iinue kwa mikono miwili, kidole kimoja tu juu ya sanduku. Ikinyamaza ikiwa hewani, kazi imekwisha. Itafutie stuli fupi ya mti mzito na uikalishe juu ya kipande cha raba. Mimi natumia soli mbili za pata-pata zilizokatika, nimeziosha nikazigeuza juu chini, na sijaona kitu cha dukani kilichozishinda. Usitumie blanketi wala taulo nene, kwa sababu mashine itazama na taulo litaziba mahali inapovutia hewa, nyuma au ubavuni. Ikikosa hewa, mota inajitahidi zaidi na kelele inazidi. Stuli isigusane na kitanda wala ukuta wa mabati. Na iwe chini kuliko godoro. Sababu ya hilo nitamweleza mwalimu wa Manyatta hapo chini.

Kuna jambo la Nakuru na Kisumu pia, ila lisikuchanganye. Nakuru iko juu ya bahari kama mita 1,850, Kisumu kama 1,130. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo mota inabidi izunguke kwa kasi zaidi kidogo kuleta mkandamizo uleule. Mashine nyingi za sasa zinajirekebisha zenyewe, ila baadhi ya zile za zamani zina mahali pa kuchagua urefu wa mlima na mtu lazima azipangie. Waulize kliniki. Tofauti hiyo inaweza kuleta uvumi mdogo, si mngurumo wa posho.

Tukija kwenye "ssss", hiyo haiondoki, inageuzwa tu uelekeo. Chukua maski uangalie vitundu vinatazama wapi. Nyingi zina kiwiko kinachozunguka mahali paipu inapoingia. Kigeuze upepo uende juu au upande wa ukuta, usielekee kwako. Au mbadilishane upande wa kitanda, kwani nani alisema mwanamke lazima alale ukutani? Maski za miaka ya karibuni zimetengenezwa na matundu mengi madogo sana badala ya machache makubwa, na sauti yake ni ya upole. Siku mkipata pesa, anza na hiyo kabla ya mashine. Maski ni kitu cha kuchakaa, ni kama tairi.

Mluzi sasa. Huo ndio adui, kwa sababu ni hewa inayotoroka pasipofaa. Inapenya kati ya raba na ngozi, inachezesha ukingo wa raba kama jani midomoni mwa mchungaji. Na hewa inayotoroka haimtibu. Mpe usingizi wa kwanza, kisha pitisha mgongo wa mkono wako taratibu kuzunguka maski yake: kando ya pua, chini ya macho, kidevuni. Penye baridi ndipo pamevuja.

Hapo nina maswali ya kumuuliza baba watoto, ajibu kwa ukweli. Je, anajipaka Vaseline usoni kabla ya kulala? Sisi wote tumelelewa hivyo, uso usipong'aa mama anakurudisha ndani. Lakini mafuta yanafanya raba iteleze, na polepole yanaiharibu. Anawe uso kwa sabuni, apake mafuta asubuhi. Je, ana ndevu za siku tatu, zile za safari ya Malaba? Ama azinyoe zinapopita raba, ama azifuge ziwe ndefu na laini. Hizo za katikati ni kama ufagio, haziachi raba ikae. Je, anakaza mikanda mpaka asubuhi ana alama usoni? Wanaume wote hufanya hivyo, hata madaktari. Ile raba imetengenezwa ijae hewa kama puto dogo ndipo izibe. Ukiikandamiza sana inajikunja na kuvuja zaidi. Avae akiwa amelala, mashine ikiwa imewashwa, alegeze mikanda yote, ainue maski kidogo iache uso kisha airudishe taratibu, ndipo akaze hadi upepo unapokoma, basi. Akivaa akiwa amesimama mbele ya kioo, akija kulala mashavu yanashuka na kila kitu kinahama.

Kwa nini saa tisa? Kama mashine yenu ni ya kujipangia, inaongeza mkandamizo pale inapohisi koo linataka kujifunga. Hilo hutokea zaidi mtu akilala chali, na pia katika usingizi wa ndoto, ambao huwa mrefu kuelekea alfajiri. Maski iliyovumilia saa nne inashindwa saa tisa. Mlaze ubavu. Mto nyuma ya mgongo unatosha, na hata kiwiko cha mke kinatosha.

Halafu chujio. Lifungue leo, ni kile kipande kidogo cha kitambaa cheupe au sponji nyeusi mahali hewa inapoingilia. Januari na Februari vumbi la Nakuru mnalijua wenyewe. Likiziba, mashine inavuta kama mtu mwenye mafua. Jeupe haliogeshwi, linatupwa na kuwekwa jipya, na kwa vumbi lenu sitangoja mwezi upite bila kuliangalia. La sponji linaoshwa kwa sabuni ya kawaida, likakauka kabisa, ndipo linarudishwa. Mtu mmoja hapa mtaani alikata kipande cha sponji ya godoro akakiingiza badala ya chujio. Sponji ya godoro humeguka, na makombo yake yanavutwa puani. Kaa mbali na ubunifu huo.

Nimefika kwenye lile linalonitia wasiwasi kuliko kelele: mashine ilikuwa ya mtu mwingine.

Kwanza, mkandamizo. Kila mgonjwa hupangiwa wake, kati ya 4 na 20. Kama aliyeitumia zamani alipangiwa 15 na baba watoto anahitaji 9, basi anapulizwa kama mpira, na hapo lazima maski ivuje na mluzi ulie. Je, kuna mtu aliyeipanga upya ilipofika? Hukuniambia. Ichukueni mashine nzima pamoja na kadi yake ndogo ya kumbukumbu, muipeleke kwa daktari aliyempima usingizi. Ndani mna rekodi ya kila usiku: hewa iliyovuja, pumzi zilizokatika, saa alizoivaa. Wakati wa kupimwa zilikuwa 38 kwa saa, na kuanzia 30 sisi tunahesabu ugonjwa mkali. Tunataka kuona chini ya 5. Rekodi ya wiki ya plasta nayo itakuwa humo, msiifiche.

Pili, igeuze usome jina na namba zilizo chini yake. Mnamo Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuzirudisha mamilioni ya mashine zake za kupumulia. Sababu, na hii inahusu swali lako hasa, ilikuwa povu lililowekwa ndani ili kupunguza sauti. Povu hilo liliweza kuchakaa na kumeguka, na vipande au gesi zake kuingia kwenye hewa anayovuta mgonjwa. Kuzisafisha kwa mashine za ozoni kulilifanya lichakae upesi zaidi. Simaanishi kwamba yenu ni mojawapo, wala hukunitajia ni ya kampuni gani. Lakini mitumba husafiri mbali, na aliyeituma kwa moyo mwema huenda hakusikia. Kampuni ina ukurasa ambapo unaingiza namba ya mashine na kujibiwa. Shemeji wa Marekani anaweza kufanya hivyo kwa dakika chache. Ikiwa imo, msimwache baba watoto bila tiba kwa kuogopa, ongeeni na daktari upesi kuhusu mashine nyingine. Na asitokee fundi wa redio akaifungua kwa bisibisi kutoa povu.

Kuna sauti ya nne ambayo hukuitaja na naomba usiisikie: mkwaruzo, kama kokoto kwenye rimu, hata mashine ikiwa mikononi mwako na maski imetolewa. Hiyo ni beringi za mota. Mota nyingi zimepangiwa kama saa 20,000, yaani karibu miaka 7 kwa mtu anayelala saa 8. Hapo ndipo nitakuambia tafuta nyingine. Kwa sasa usiiuze. Wala sitaki aache kuivaa kwa sababu ya mapacha. Watoto wa miezi 7 wanalala penye sauti isiyobadilika, na kinachowaamsha ni mluzi unaokuja na kukata. Uondoe huo.

Nilipoanza kuivaa nilikuwa nikilalamika, na daktari wangu akaniambia tulioanza miaka hii tumedekezwa. Aliyeibuni, Colin Sullivan wa Sydney, Australia, alianza mwaka 1980 kwa mota ya mashine ya kufyonza vumbi kwenye zulia, na maski zilikuwa zikigundishwa usoni kwa gundi kila usiku. Nikarudi nyumbani nikanyamaza.

SWALI

Mama Nesi, mimi ni mwalimu, naishi Manyatta, Kisumu. Mashine yangu haina kelele ila paipu inabubujika kama sufuria ya uji, na usiku maji hunirukia puani. Mke wangu anacheka. Nalala na feni, na chandarua bila shaka.

Mwalimu Mwenye Mafuriko

JIBU

Mwalimu, hiyo ni mvua yako mwenyewe. Tangi la maji linapasha hewa na kuitia unyevu. Hewa hiyo yenye joto inapita kwenye paipu iliyopoa, mvuke unageuka matone, matone yanakusanyika pale paipu inapolegea, na kila ukivuta pumzi yanacheza. Na kinachopoza paipu ni feni, nina hakika. Igeuze ipulize miguu.

Kisha punguza kipimo cha unyevu. Kisumu yenyewe ni tangi la maji, hewa yetu ya ziwani ina unyevu wa kutosha, sijui kwa nini watu wanaacha mashine kwenye namba waliyoikuta. Shuka namba moja kila usiku mpaka kububujika kuishe, na ukianza kuhisi pua imekauka rudi moja juu. Mimi niko kwenye 2, na miezi ya mvua nazima kabisa. Mashine iwe chini kuliko kitanda ili matone yarudi kwenye tangi badala ya kukufuata puani, na paipu ipite chini ya shuka isipigwe na baridi ya alfajiri. Kuna paipu zenye waya wa kupasha ndani. Zinafaa, ila zinakula stima na bei yake si ya mshahara wa mwalimu.

Tangi lisijazwe kupita mstari. Maji yawe yaliyokenekwa, yale ya chemisti. Kuchemsha maji ya bomba kunaua vijidudu lakini chumvi inabaki. Itazame birika yako ndani uone ule ukoko mweupe, ndio utakaoukuta kwenye tangi. Na usinunue ya kituo cha mafuta kwa sababu ni rahisi: chupa ya maji ya betri na ya asidi ya betri hukaa rafu moja, na kijana wa zamu ya usiku naye ana usingizi kama wewe.

Chandarua kimenifurahisha. Wengi wanakitoa kwa sababu ya paipu, wanaponya koo wanapata malaria. Pitisha paipu upande wa kichwani, chini ya ukingo wa chandarua, halafu chomeka kitambaa chini ya godoro pande zote mbili za paipu bila kuibana. Mashine ibaki nje. Wakati wale wadudu wadogo wa ziwa wanapopanda kama moshi na kujaa kwenye taa, angalia chujio kila asubuhi. Nimewahi kutoa kijiko kizima.

Mke acheke tu. Alipokuwa akikusikia ukikoroma hakuwa anacheka.

SWALI

Nina matanga Butere wiki ijayo. Tutalala wanaume kama kumi kwenye chumba kimoja, na stima huko ni ya kubahatisha. Naona aibu na hii mashine. Nikiiacha nyumbani siku nne kuna ubaya?

Mjomba, Kakamega

JIBU

Pole kwa msiba, Mjomba. Uende nayo. Usiku mmoja bila mashine unatosha kuzirudisha pumzi zako zilikokuwa, na kwenye matanga kuna uchovu na pengine kinywaji, vitu viwili vinavyolegeza koo. Aibu iache. Katika wanaume kumi, wawili au watatu watakoroma kuishinda mashine yako, na kabla ya siku ya mazishi mmoja atakuwa amekuita pembeni kukuuliza iliuzwa wapi.

Stima ikipotea ukiwa umeivaa hutakosa hewa. Maski inayofunika pua na mdomo ina kikope kidogo kinachofunguka mashine ikizima, unavuta hewa ya chumbani, na ile ya puani pekee unafungua mdomo. Utaamka tu. Ukiweza, azima betri ya kutosha usiku mzima, ila waya wa kuunganisha uwe ule uliotajwa na waliotengeneza mashine, kwa sababu nyingine zinataka volti 12 na nyingine 24. Zima kupasha maji, hapo ndipo umeme mwingi unapoenda.

Na mwaga maji. Pasaka moja nilipanda boda kwenda Bondo, mashine kwenye mkoba mgongoni, tangi limejaa kwa sababu nilikuwa na haraka. Kila shimo la barabara lilitia maji kwenye mota. Usiku ule ilianza kukwaruza, na fundi wa vifaa vya hospitali alipoifungua baada ya sikukuu alikuta kutu tayari imeanza. Nililipa pesa ambayo ingenunua mbuzi. Toa tangi, limwage, likaushe kwa kitambaa, ulibebe kwenye mfuko wake peke yake.